Matoke Hayakuandikwa kwenye Fomu

Jumanne, baada ya chakula

Sasa sielewi nani ananidanganya. Wiki nzima nimeamini kwamba bima ya gari iliyo nafuu ni ya wakala, na ule mtandao wa kulinganisha bei, ulionitajia bei ya juu kuliko yake, ni wizi mtupu.

Leo nimemwuliza Afande Juma, wakala wetu wa bima mtaani Bukoto, aliyekuwa polisi pamoja na mume wangu, anapunguzaje bei. Akanionyesha fomu aliyonijazia. Kwenye matumizi ya gari ameandika: ya nyumbani.

"Lakini Afande, gari hili linapeleka matoke ya kuuza soko la Kalerwe kila asubuhi."

"Mama Akello, matoke si abiria," akasema, akaendelea na chai yake.

Nimerudi nyumbani nikajaza upya maswali ya mtandao, safari hii "ya nyumbani" kama alivyojaza yeye. Bei ikashuka chini ya ile yake.

Kumbe kilichokuwa ghali ni ukweli wangu.

Na siku nikigonga mtu, mikungu ya ndizi imejaa nyuma, nani atalipa? Hilo sikumwuliza. Niliogopa atanijibu.

Bima ya sasa inaisha Ijumaa. Fomu iko mezani, haina sahihi. Nimeishika kwa vidole vya sokoni, na utomvu wa matoke umeacha doa jeusi kando ya "nyumbani". Nimesugua, halitoki.