Nilisema ni Pasi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, mimi ni fundi umeme wa mitaani mwaka wa kumi na moja huu, na katika familia yetu taa ikigoma naitwa mimi, sasa kaka yangu mkubwa anaishi na mke wake pamoja na mama yetu ambaye miguu imemshinda, na nyumba yao ilikuwa na shida moja, kila shemeji akichomeka pasi huku jiko la umeme linawaka, fyuzi inakatika, basi siku moja akaniambia huku anacheka, "Shemeji, wewe fundi gani ndugu zako wanakaa gizani?" nami kwa kupenda sifa nikaitoa ile fyuzi nikaweka kipande cha waya wa shaba mahali pake, kama ninavyowafanyia wateja wengi waliochoka kukatikiwa, nikamjibu, "Sasa chomeka hata kiwanda."

Kweli umeme haukukatika tena. Mwezi uliopita, saa nane mchana, shemeji akiwa nje anaanua nguo, moto ukaanzia darini, majirani wakamtoa mama kwa kumburuta na godoro lake, mikono yake imeungua vibaya na mpaka leo hawezi kushika kikombe, na zimamoto walipofika bati lilikuwa limeshaanguka, ndipo kaka akanishika bega mbele ya watu akasema, "Wewe ndiye fundi wetu, ingia utazame, utuambie ni nini." Nikaingia peke yangu, nikaona pasi imechomolewa, nyaya zilizotoka darini zimeyeyuka zote lakini waya wangu mzima kabisa, umekaa pale pale nilipouweka, mshauri, niliuchomoa nikautia mfukoni, nikatoka nje nikasema, "Ni pasi. Iliachwa kwenye umeme."

Tangu siku hiyo shemeji yuko kwao, kaka hapokei simu yake, mama hataki hata atajwe, na Jumamosi wazee wa pande zote mbili wanakutana na kaka ameapa kumwacha. Mwanzoni shemeji alikuwa akilia, "Niliichomoa, naapa," lakini juzi nilipompigia kumjulia hali akaniambia kwa sauti ndogo, "Labda niliisahau, shemeji. Kama wewe fundi umeona, basi niliisahau." Nikisema ukweli nampoteza mama, kaka na kazi, nikinyamaza naona nitarukwa na akili. Nifanyeje?

Fundi wa Familia

*

Fundi wa Familia,

Pole ninayo, lakini ya kwanza si yako. Ni ya mwanamke aliyekaa kwa wazazi wake akijilazimisha kukumbuka kosa ambalo hakulifanya. Ulimwondolea nyumba na mume, na sasa hata akili yake mwenyewe haiamini tena. Nimesoma barua nyingi kwenye meza hii, na hiyo sauti yake ndogo imeniumiza kuliko moto wenyewe.

Kuhusu waya sitakufundisha kazi. Fyuzi ilipokatika haikuwa inamwonea shemeji yako, ilikuwa inasema nyaya zimeelemewa. Ungemwambia azime jiko ndipo apige pasi, au ungelivutia jiko waya wake mnene, maneno ya dakika mbili tu! Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe ufa uliuona ukaupaka rangi. Hilo lilikuwa kosa, na watu hukosea. Kuutia ule waya mfukoni si kosa, bwana, ni dhambi, na sikufichi.

Unaogopa kumpoteza mama. Huenda akakulaani, na kaka yako asikupe mkono mpaka mwakani. Siwezi kukuahidi kwamba watakukumbatia. Lakini mficha uchi hazai. Usisubiri Jumamosi. Leo jioni nenda kwa kaka yako, mkae wawili, umwekee ule waya mkononi umwambie, "Hiki ndicho kilichochoma nyumba yako, na nilikiweka mimi." Kisha mwende wote kwa shemeji, na huko useme wewe, si kaka. Mwambie waziwazi kwamba pasi aliichomoa. Wazee nao wakutane hiyo Jumamosi, wamwombe radhi.

Nimesema jioni kwa sababu asubuhi una kazi nyingine. Kuna maneno uliyapita mbio katika barua yako, nami yamenitoa jasho: "kama ninavyowafanyia wateja wengi." Wangapi, fundi? Wako wapi saa hii? Wanapika, wanapiga pasi, na wanakusifu kwamba tangu uje umeme haukatiki. Kwa kaka yako umebaki kuomba msamaha tu, lakini hizo nyumba bado zimesimama. Weka gazeti chini, chukua koleo na fyuzi mpya, upite mlango kwa mlango, uzime swichi kuu, utoe waya wako. Wakikuuliza sababu, waambie.

Na anza na nyumba yenye mtu asiyeweza kukimbia.