Usilitafute Kaburi Lile la Victoria

Kaisho,
Wilaya ya Kyerwa,
Kagera.
14 Februari 2025

Mpendwa mwanangu Prudensia,

Kaburi la baba yako halipo Victoria. Halipo popote katika visiwa vya Shelisheli. Nimelificha jambo hili miaka hamsini na mitano, nikakuficha wewe, mama yako na marehemu bibi yako. Nimeliandika kabla ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Sasa nikusalimie. Hujambo mwanangu? Mumeo Aristides hajambo? Baridi ya huko Gothenburg imelegea? Na goti ulilofanyiwa upasuaji linakubeba vizuri, au bado unashuka ngazi kwa upande mmoja?

Sisi huku tupo. Mvua zilipitiliza, maharage yameoza kidogo, lakini migomba imependeza. Mama yako Adelgunda ni mzima kuliko mimi. Jana kapita hapa na jembe begani, kanisalimu bila kusimama. Mimi miguu imevimba na ninalala nimekaa. Daktari aliniambia moyo umechoka. Mengine alimwambia Evelyn nje ya mlango, akidhani sisikii.

Evelyn unamkumbuka, mjukuu wangu, binti wa Privatus. Sasa ana kazi katika ofisi za wilaya pale Rubwera, na kila Jumamosi huja kunitazama. Kesho ndiye atakayepiga picha kurasa hizi na kukutumia. Atazisoma, namjua. Azisome.

Katika barua yako uliniuliza mambo mawili. Ulisema watoto wamewalipia safari ya meli, wewe na mumeo, kwa ajili ya miaka thelathini ya ndoa: mnapanda Port Louis tarehe tisa Machi, mnapita Shelisheli, mnashukia Mombasa, kisha mnakuja nyumbani kwa Pasaka. Ukaomba ushauri wa mtu aliyefanya kazi melini. Hilo lilinifurahisha, nikajiona mtaalamu. Halafu ukauliza baba yako amelazwa katika makaburi gani pale Victoria, ili ushuke ukamwone na ulete udongo kidogo.

Jumamosi iliyofuata Evelyn alitafuta picha za makaburi ya mji ule kwenye simu yake.

“Babu, ni lipi?”

“Simu yako haioni vizuri.”

“Simu inaona, Babu. Wewe ndiye huoni. Ngoja nikuze.”

Akakuza. Nikanyoosha kidole kwenye msalaba mweupe karibu na ukuta. Akauzungushia duara jekundu na kukutumia kabla sijarudisha mkono. Ukanijibu kwa sauti, unalia, unanishukuru. Prudensia, msalaba ule ni wa mtu nisiyemjua. Ana watu wake. Usiende kumlilia.

Baba yako alifia melini, hilo ni kweli. Ilikuwa Agosti 1970, tukirudi kutoka Bombay, zikiwa zimebaki siku mbili kufika Victoria. Tumbo lilimshika Jumatatu, Jumatano asubuhi akawa hayupo. Daktari wa meli alisema utumbo ulipasuka. Wakamshonea ndani ya turubai, wakamfunga vyuma miguuni, wakamteremsha baharini. Sikuwepo akiteremshwa. Nilikuwa kwenye ukumbi wa chakula, ninagawa mayai. Nikahisi sakafu inatulia chini ya miguu, maana injini zilipunguzwa, na abiria mmoja akaniuliza kwa nini tumepunguza mwendo. Nikamjibu, “Sijui, bwana.”

Utauliza mimi, kaka yake, nilikuwa nagawa mayai kwa nini saa ile. Nitafika huko. Kwanza nikupe ushauri ulioomba, maana hilo nalo ni deni na ninaliweza.

Fikeni Port Louis siku moja kabla, maana ndege ikichelewa meli haitajua habari zenu. Dawa zako, pasipoti, kadi ya homa ya manjano na nguo moja ya kubadili uviweke kwenye mkoba wa mkononi. Masanduku huchukuliwa bandarini na yanaweza kufika chumbani jioni. Usibebe birika la umeme wala pasi ya kunyooshea nguo. Watavizuia, na wana haki, kwa sababu melini watu huogopa moto kuliko maji. Kama chumba bado hakijapangwa, ombeni cha katikati ya meli, sitaha za chini, hapo mtikisiko ni mdogo. Dawa ya kichefuchefu imeze kabla hujaumwa. Tafuna tangawizi. Ukizidiwa toka nje, uangalie pale mbingu zinapokutana na maji, usiangalie kitabu.

Hayo yote ni ya zamani na bado yana kazi. Mapya ndiyo yananichanganya. Evelyn alinichapishia karatasi za kampuni yenu, nimezisoma mara nne nikiwa na miwani miwili. Zinasema kuna vyumba visivyo na dirisha ambavyo ukutani vimewekewa kioo kinachoonyesha bahari iliyo nje. Sikuelewa. Bahari ipo, wewe upo juu yake, halafu unaonyeshwa picha yake? Evelyn amenieleza mara tatu, na mara ya tatu nilikubali ili apumzike.

Zinasema mtavaa mkanda mkononi, nao ndio ufunguo na ndio kitambulisho. Zinasema kila mtu anakula saa anayotaka, mahali anapotaka, kwa kuagiza kwenye simu. Wakati wetu chakula cha jioni kilikuwa na zamu mbili, na meza yako ilikuwa yako mpaka mwisho wa safari. Mhudumu alijua nani hali nguruwe na nani amegombana na mkewe. Kiti kikiwa kitupu, tulikwenda kumgongea mtu mlango. Sasa nani atajua kwamba hujaja kula? Labda mkanda utajua. Sijui.

Hata zoezi la kujiokoa limebadilika. Sisi tulipiga king’ora na abiria wote wakapanda juu na maboya shingoni, wakilalamika. Nyinyi mtatazama maelezo kwenye simu, kisha mtapita kituoni kwenu kuandikwa. Fanyeni hivyo, lakini msiishie kwenye simu. Tembeeni kwa miguu kutoka chumbani hadi kituoni, mhesabu milango, siku ya kwanza kabla ya kufungua masanduku.

Mkiwa baharini simu iwekwe katika hali ya ndegeni, la sivyo bili itawashtua. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya chakula, usitegemee dawa ya kupaka peke yake. Mkishuka bandarini fuateni saa ya meli, msiifuate ya mjini, na mrudi mapema. Nimewaona watu wakipunga mikono gatini, na ngazi imeshavutwa.

Na atakayewatandikia kitanda, muulize jina lake na kwao ni wapi. Abiria wachache huuliza. Ila usimuulize mbele ya mkubwa wake kama ana ndugu humo melini.

Hapo nililala kidogo. Nimeamka nimekuta kalamu imechora mstari kwenye shuka, na sikumbuki vizuri nilitaka kuendelea na lipi. Nafikiri ni habari ya matofali.

Mama yako ameshasafisha mahali ndani ya kibanja, humu kwenye migomba ya nyumbani, pembeni ya kaburi la bibi yako Pulkeria, ili udongo utakaoleta uzikwe hapo wakati wa Pasaka, watu wapate pa kusimama. Unajua kwetu mtu asiyelala kwenye kibanja chake ni kama bado yuko njiani. Juzi Jumatano Fidele fundi alileta matofali. Nikapelekewa kiti nikae niangalie.

“Shemeji, usikae tu kama mgeni,” mama yako akaniambia. “Mwonyeshe Fidele kichwa kiwe upande gani.”

“Udongo hauna kichwa, Adelgunda.”

“Mume wangu ana kichwa. Wewe ulimwona akilazwa. Kule kilikuwa upande gani?”

Fidele akasimama na kamba mkononi, ananingojea. Nikasema, “Upande wa mlima.” Akafunga kamba upande wa mlima.

Jioni nilimwita Fidele nikamwambia asiendelee, saruji ile ni mbovu. Saruji haina ubovu wowote. Kumbe hata ninapotaka kuacha uongo, mkono unaokota mwingine.

Nilifikiri nikuache tu ushuke Victoria, uchote udongo wa msalaba ule, mama yako apate pa kupalilia na mimi nife nikiwa mzee wa heshima. Siku mbili niliona hilo ni jambo jema. Siku ya tatu nikaona tunamzika mtu wa watu kwenye kibanja chetu, na Leonadi bado yuko njiani. Tangu hapo nimechanganyikiwa, sijui lipi ni huruma na lipi ni woga. Nilimuuliza Evelyn, kama mzaha, kama simu inaweza kuonyesha mahali ambapo meli ilipunguza mwendo mwaka 1970. “Babu,” akasema, “hilo si swali la simu.” Akaniangalia sana.

Kwa hiyo sina mahali pa kukuelekeza. Meli yenu haitapita pale, ninyi mnatoka kusini na sisi tulikuwa tunatoka kaskazini. Ile kahawa ya kutafuna ambayo mama yako alikutumia Krismasi ili uiweke kaburini, sijui nikuambie uifanyeje. Pengine uirudishe nyumbani. Pengine uitupe majini popote, maji yale yanafahamiana. Sitaki kukupangia tena.

Mama yako nitamwambia mwenyewe Jumapili baada ya misa, nikiamka. Nisipoamka, msomee wewe. Nimeanza na wewe kwa sababu kuandika kunaniwia rahisi kuliko kusema.

Nisalimie sana Aristides, na mwambie watu wa kwao Muleba hawaogopi maji, asituaibishe. Wasalimie watoto, hasa Ainebyona aliyenitumia soksi za sufu. Ndizo pekee zinazoingia kwenye miguu hii. Mungu akae upande wako wa kitanda katika safari hiyo, akutoe majini mzima na kukuleta mpaka hapa mlangoni, hata ukikuta kiti changu kitupu.

Sasa lile lililobaki.

Tuliondoka nyumbani mwaka 1969, wewe ukiwa na miezi mitatu. Bibi yako alitusindikiza mpaka barabarani, akaniambia neno moja tu: “Cassian, wewe ndiye mkubwa. Mrudi wawili.” Tulivuka ziwa kwa meli ya Bukoba, tukapanda treni hadi Mombasa. Pale mwajiri alikuwa hachukui wawili wa nyumba moja. Alisema mmoja akiugua, wawili wanataka kurudi kwao. Lakini kwetu kila mtoto ana jina lake, hatuna jina la ukoo la kutusaliti. Karatasi zangu zilisema Cassian Rwabutembe, zake zilisema Leonadi Kamuhanda. Tukaingia kama watu wawili waliokutana bandarini. Yeye walimpeleka chini kwenye udobi, mimi kwenye vyombo. Mwaka mzima tulisalimiana kwa Kiswahili mbele za watu, na Kinyambo tulikiongea nyuma ya mapipa ya nguo chafu.

Wiki ile aliyougua nilikuwa nimepandishwa, nihudumie meza za daraja la kwanza. Nilikwenda kumwona mara moja tu, nikijifanya nimepeleka mashuka. Aliniambia tumbo linauma. Nikamwambia avumilie, Victoria ni karibu.

Jumatano asubuhi ofisa wa meli alitupanga mstari, sisi sita wa Afrika Mashariki, nje ya chumba cha wagonjwa. Alikuwa na daftari, na hakuwa mtu mbaya. Alieleza polepole tuelewe. Kama marehemu ana ndugu humu, mwili utawekwa kwenye baridi kwa siku mbili mpaka Victoria. Ndugu huyo atashuka naye, atamtafuta padri, atamzika ardhini, naye atangoja meli nyingine. Kama hana ndugu, atazikwa baharini saa mbili asubuhi hii hii.

Akaniangalia mimi, kwa sababu karatasi zangu na za baba yako zote zilikuwa na neno Bukoba.

“Wewe. Unatoka huko alikotoka. Ana ndugu humu?”

Nilikuwa nimevaa koti jeupe jipya. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, nikaona kisigino cha Leonadi kimetokeza kwenye shuka, na ule ufa wa tangu utotoni.

Nikasema, “Hana.”

Wako akupendaye bila kustahili,

Cassian Rwabutembe,
kaka yake Leonadi.