Makofi ya Amherst

Jumamosi usiku, Buffalo, Marekani

Bon, watazamaji walipiga makofi mpaka nikaudhika. Binti yangu Neema alinipeleka chuoni kwake Amherst kuona filamu ya Kihindi, ya wanakijiji waliofukuzwa kwao sababu ya mgodi. Imepata tuzo hadi Ulaya. Mimi nililia tu. Sisi pia tulifukuzwa hivyo kule milimani, Kivu.

Mwisho aliyeitengeneza alisimama mbele. Nikamwambia Neema amuulize kama wale watu wamerudishiwa mashamba yao.

Yule bwana akainamisha kichwa. “Hata mmoja, bado.”

Donc, yaani, dunia imewaona, imewalilia, na hawana pa kulima. Sisi ambao hakuna hata aliyetupiga picha, nani atatukumbuka? Mama yangu angali kule. Leo tena simu yake haipatikani.