Mstari wa Mzio Uliobaki Mtupu

Baba Tumaini wangu,

Huku Kyimo mvua haijakata tangu tukuzike, na udongo wa kaburi lako umeshuka upande mmoja. Ndugu zako wanasema tusubiri ukauke ndipo wajengee. Ukauke lini, Rungwe hii? Nimewaacha waseme.

Wananishauri nikukumbuke kwa mazuri, na mazuri yapo. Kiwanda cha chai kilipouzwa wakakupunguza kazi, hukukaa kilabuni kulia na wenzako. Ulishinda kwenye kibanda cha intaneti pale mtaa wa Bagamoyo, huku huku Rungwe, ukijifunza Java, lugha ya kuandikia programu, jioni unarudi kunifundisha mimi, mwanamke niliyekuwa najua kupiga chapa tu. Wewe ukaandika programu, mimi nikatengeneza violezo, sura za kurasa zinazosomwa. Hospitali ilipokupa kazi ya mfumo wa wagonjwa ulinibeba juu juu jikoni, sufuria ya ndizi ikaungua, tukala hivyo hivyo tukicheka.

Nilikuwa mgumu kuelewa. Niliuliza kwa nini ukurasa wangu usiende wenyewe kwenye hifadhi ya taarifa kuchukua jina la mgonjwa. Ukasema haiendi hivyo: programu inachukua taarifa, inaikabidhi fremuweki, ule mtambo unaounganisha vipande vyote, na kiolezo kinaomba kwa jina kile kilichokabidhiwa. Nikabaki nakukodolea macho. Ndipo ukacheka, ukanionyesha nyumba ya baba yako ng'ambo ya migomba. "Wewe ni ukurasa," ukasema. "Baba ndiye hifadhi. Mimi ndiye ninayepita katikati." Hapo nikaelewa mara moja.

Mkwe wa Kinyakyusa gani asingeelewa? Tangu unioe sikuwahi kumtazama baba yako usoni, wala kumtamkia neno. Nikisikia kikohozi chake njiani, najifunika kitenge na kuingia shambani, hata kama mtoto yuko mgongoni na mvua inanyesha. Mchungaji aliwahi kumwambia baba yako kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Mzee akajibu kwamba Ukristo haukuja kuondoa heshima. Akitaka kujua kama mjukuu amepona, anakuuliza wewe. Nikitaka mbegu za maharage, nakuambia wewe. Na wewe ulipenda, usinibishie. Ulijiona mtu wa maana sana hapo katikati. Ulitufanyia kila kitu hadi tukawa hatuhitajiani.

Kuna jambo jingine ulilonifundisha. Kiolezo kikiomba kitu ambacho hakipo, mfumo wetu haulalamiki. Unaacha nafasi tupu, ukurasa unaonekana mzuri tu. Nikakuambia hiyo ni hatari. Ukasema tutaangalia baadaye.

Siku ile walipokushusha kwenye pikapu hukuwa unajitambua, kifua kinakoroma. Nesi alifungua ukurasa tuliotengeneza sisi. Jina lako lipo, umri upo, kwa kuwa ulijiandika mwenyewe kuwa mgonjwa wa kwanza ulipokuwa unaujaribu. Mbele ya neno Mzio, hakuna kitu. Akaniuliza kama kuna dawa inayokudhuru. Nikamwambia sijui, hujawahi kuugua tangu tuoane, lakini baba yako atajua. Akauliza baba yuko wapi. Yuko hapo nje barazani, nikasema, ngoja dada wa mgonjwa arudi, amekwenda kuchukua maji, atamuuliza.

Nesi alinitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. Daktari naye akaja, akakusikiliza kifua, akasoma ukurasa, akasema hakuna muda, uchomwe sindano sasa hivi.

Wifi yangu hakurudi. Nikakaza kitenge, nikakifungua, nikatoka kichwa wazi. Baba yako aliponiona alifunika uso wake kwa kofia na kugeukia ukutani. Mzee wa watu alikuwa ananisitiri. Nikamwambia mgongo wake, "Baba, mwanao ana mzio wa dawa gani?"

Alishusha kofia. Kisha akageuka, macho yake yakawa usoni mwangu. "Penisilini," akasema. "Akiwa mdogo nusura tumzike."

Nilikimbia. Sindano ilikuwa imesharudi kwenye sahani, haina kitu ndani.

Matanga yalipoisha niliwasha kompyuta nikasoma kazi yako ya mwisho. Taarifa ya mzio ilikuwepo. Uliiandika kwa mkono wako, Penisilini. Ila zamani ulikuwa unaikabidhi pamoja na taarifa za mgonjwa, na wiki ile uliyougua ukaihamishia kwenye fungu jipya la tahadhari, ukaupeleka mfumo hospitali bila kunigusia. Kiolezo changu kiliendelea kuomba kwa mgonjwa kitu ambacho mgonjwa hakuwa nacho tena. Najua ungeniambia Jumamosi. Ulikuwa unaniambia kila kitu Jumamosi.

Nimekwenda hospitali nikarekebisha. Ni mstari mmoja, hata chai ya nesi haikupoa. Nikafungua jina lako, neno likatokea, jekundu. Nesi akasema, "Sasa inaonekana." Nikamwambia ndiyo, inaonekana. Nikatembea kwa miguu hadi nyumbani, sikutaka mtu anisemeshe.

Baba yako alichinja, wazee wakala, akatangaza kwamba nisijifiche tena. Sasa anakuja hapa kwetu jioni, anakaa, ananieleza ulivyougua ukiwa mtoto, ulivyovimba, mama yako alivyokukumbatia usiku kucha. Yote hayo yalikuwa ng'ambo ya migomba miaka yote hii. Namsikiliza hadi basi, halafu naingia ndani kulia, kwa sababu ana sauti yako na nilikuwa sijui.

Leo amenikuta naandika. Akasema si vizuri kumwandikia marehemu kwa hasira, nikuache ulale. Nikamtazama usoni, nikamwambia, "Baba, sina kingine cha kumwandikia."

Akavuta kiti, akaniambia niandike na hasira yake.

Lala, Baba Tumaini.

Mkeo,
Mama Tumaini, na baba yako