Kimo cha Ghala la Pamba

Jumatatu, 5 Juni 1995
Uji. Kulwa kwanza, mimi baadaye. Miaka kumi na saba sasa, eti kwa sababu alinitangulia kuzaliwa kwa dakika chache. Pacha wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, na mila haina rufaa. Namchukia asubuhi kuliko saa nyingine zote.

Alhamisi kidato cha tatu tunakwenda jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, kupima kimo cha ghala la pamba. Atakayepatia ataenda Mwanza kwenye mashindano ya hesabu. Nafasi moja. Ni yangu. Kulwa hata tanjenti hajaielewa.

Jumanne, 6 Juni
Mwalimu kagawa kazi. Tukishakokotoa, mmoja atapanda ngazi ya chuma mle ghalani na tepu, ili tuhakikishe. Nilinyoosha mkono. "Kulwa atapanda, ndiye mkubwa. Doto atashika mwisho wa tepu chini." Darasa likacheka. Sijala.

Alhamisi, 8 Juni
Ghala tupu, msimu haujaanza. Vumbi puani. Nilipima pembe kwa kipimapembe, uzi na nati. Nikakokotoa, nikajumlisha na kimo cha macho yangu, maana pembe inaanzia machoni, si miguuni. Mita tisa. Nikakabidhi karatasi.

Kulwa akapanda, bukta chini ya sketi, wote wanamshangilia. Akateremsha tepu. "Bebe Doto, shika sawasawa!" Wewe Doto, kwa Kisukuma, kama anaswaga mbuzi. Sikuinama hadi sakafuni. Nikaishika usawa wa uso. Kila mtu alikuwa anatazama juu. Nilitaka asome upuuzi, Mwalimu amfokee.

Akasoma: saba na nusu.

Mwalimu hakufoka. Akapekua karatasi. Mwenye saba na nusu ni mmoja tu, Kulwa. Mjinga alisahau kujumlisha macho! Yangu ikapigwa mkasi wa wino mwekundu.

Hasira hasara. Nikisema ukweli, nitafungiwa safari zote. Nikinyamaza, anaenda yeye. Nimenyamaza.

Jumapili, 11 Juni
Mama kaniagiza nimfundishe Kulwa, kesho anasafiri. Nikamfundisha. Nilitaka kuliruka lile la macho. Nikashindwa, hesabu mbovu inaniwasha.

Kulwa akarudia hesabu ya ghala kwenye karatasi, peke yake. Akapata tisa.

"Tepu uliishika wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono. Usawa wa macho.

Hakunipiga wala hakumwita Mama. Akaanza kukunja nguo zake za safari, kisha akanitupia sketi ya shule niipige pasi. Nikaipiga.