Kishungi cha Mpunga

Shikamoo Bibi,

Huku Shelui jua linachoma, na wali wa mpunga mpya nakula mpaka naona haya. Jana tukivuna, Shangazi akatuzuia katikati ya shamba: "Hapo msiguse, kuna mayai ya korongo wa taji."

Mbuga yote imelimwa, matete hakuna, ndege wakalalie wapi? Basi shamba limenyolewa, limebaki na kishungi kimoja katikati, kama korongo mwenyewe kichwani. Jirani alicheka mpaka akakaa chini.

Leo asubuhi nimemkuta naye kaacha kishungi kwake. "Huenda wakaja na kwangu," akasema, haniangalii.

Bibi, ulituambia wamekwisha. Wapo wawili, nimewaona wakicheza. Uguza mguu upesi, uje.

Mjukuu wako,
Mariamu