Uzi wa Daktari

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na shemeji na watoto, na kwamba goti limeacha kukusumbua. Mimi nipo, nasukuma siku. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo, maana kukaa kumenishinda.

Dada, naumwa mahali pa aibu. Mwaka juzi lilinitoka jipu karibu na njia ya haja kubwa. Likatumbuliwa, nikadhani yamekwisha. Kumbe liliacha tundu linalotoa usaha kila siku, wanaliita nasuri. Nasi mafundi cherehani tunashinda tumekaa, basi fikiria mwenyewe.

Daktari wa upasuaji, mama mmoja mpole, alinichorea njia tatu nyuma ya bahasha. Ya kwanza ni kuupasua mfereji wote wa usaha unaoanzia kwenye hilo tundu, upone kutokea chini: haraka, na ni nadra kurudi. Nikasema nataka hiyo hiyo, hata kesho. Akaniambia, “Fundi, kitambaa ukikikosea utakata kingine. Mfereji wako umepita kwenye msuli unaozuia choo. Nikiukata huo, sina mwingine wa kukupa.” Ya pili ni kuufunga mfereji katikati ya misuli bila kuikata, ila unaweza kurudi. Ya tatu ni kupitisha uzi tunduni na kuuacha miezi, usaha upate pa kutokea, kisha upasuaji mwingine.

Nilichagua ya pili. Wiki saba nikawa mtu. Ya nane, suruali ikalowa tena. Sasa nina uzi, mwezi wa nne huu. Asubuhi na jioni najichovya kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Maumivu nimeyazoea, kilichonichosha ni kujinusa kabla ya kusogelea watu.

Sasa nikwambie kweli. Mama alipofariki mwaka jana, nilikuambia bosi amenikatalia ruhusa. Nilidanganya. Nilikuwa stendi, tiketi mkononi, suruali ikalowa mbele za watu. Mwanamke mmoja akamvuta mwanawe mbali nami. Nikashindwa kupanda gari. Bosi unayemlaani mpaka leo ndiye aliyekuja kunichukua, akanifunga koti lake kiunoni, akanipeleka kwa daktari huyo. Mama alizikwa bila mimi kwa sababu niliona aibu.

Juzi daktari kasema usaha umepungua, huenda mwezi ujao wakamalizia. Nikiweza kusafiri, naomba unipeleke kaburini. Ukikataa sitalalamika. Ila bosi wangu mwondolee laana; hakukukosea kitu.

Msalimie sana shemeji. Watoto waambie mjomba wao anawakumbuka.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.